Nguvu Ambayo Sikuiandika

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoweka karatasi zangu mbele ya injinia wa mradi wa maji, nikamwambia kwamba nanga moja ya zege inayoshika bomba mtoni inaweza kupunguzwa hadi robo ya ukubwa wake. Nilisema kwa furaha. Nakumbuka furaha hiyo kuliko mambo mengi yaliyofuata, na ndiyo inayonisumbua zaidi.

Hiyo ilikuwa Isiolo, mapema miaka ya themanini. Babu yangu aliletwa huko na jeshi la mkoloni, akapewa mahali pa kukaa alipomaliza utumishi. Baba alinunua lori, akawa mtu wa kupeleka mifugo kusini na kurudi na unga. Mimi nilikuwa binti yake wa pili. Nilipopata nafasi ya kusomea ufundi wa maji Nairobi, mama alilia siku tatu, kisha akanishonea magauni marefu manne na kuniambia nisipoteze swala. Nilirudi na cheti na kupata kazi katika ofisi ya mradi, chumba cha mabati kule Kiwanjani chenye meza mbili na kalkuleta moja.

Mradi ulikuwa wa kuteremsha maji kutoka milimani hadi tangi jipya la mji, kwa bomba la chuma la inchi nane. Sehemu kubwa ilizikwa ardhini, lakini mahali pamoja bomba lilivuka laga pana, mto wa mchanga ambao hukaa mkavu karibu mwaka mzima na kushuka kwa hasira siku mbili au tatu. Hapo bomba lilipita juu, limelazwa kwenye nguzo fupi, wazi kwa jua. Kila upande wa laga lilishikwa na bonge la zege lililochimbiwa ardhini. Hilo bonge tuliliita nanga. Upande wa mji, bomba lilipotoka kwenye nanga lilipinda na kuingia chini ya ardhi.

Kazi yangu ilikuwa kusema kila nanga inasukumwa kwa nguvu kiasi gani, ili mafundi wajue wamwage zege kiasi gani. Kwenye karatasi bomba ni mstari tu. Mwisho wa mstari unachora pembetatu ndogo kuonyesha kwamba hapo pameshikwa, halafu pembeni unaandika safu mbili: nguvu inayotokana na joto la jua, na nguvu inayotokana na maji yaliyo ndani.

Safu ya maji niliandika sifuri, na nilikuwa sawa. Bomba lililochomewa kutoka mwanzo hadi mwisho hujishika lenyewe. Maji yanajaribu kulirefusha na kuling'oa, lakini chuma chenyewe kinavuta na kuzuia, na nanga haisikii kitu. Jua ndilo lilikuwa tatizo. Bomba likipata moto wa mchana na limebanwa huku na huku, linasukuma kama gari la moshi. Hesabu ya jua ilitoka kubwa, kwa hiyo tukaagiza nanga kubwa. Ya upande wa milimani ilimwagwa. Ya upande wa mji ilichimbiwa shimo ambalo lori la baba lingeweza kuingia na kufichika.

Halafu simiti ikaadimika nchi nzima. Injinia, mtu mpole aliyetoka magharibi mwa nchi na ambaye hakuwahi kunipandishia sauti hadi wiki ya kufungua mradi, alitafuta njia. Alileta kiungo cha kuteleza: ala fupi ya chuma yenye mpira ndani, ambayo ncha moja ya bomba huingia humo kama panga. Bomba likirefuka kwa jua, linaingia kidogo zaidi kwenye ala. Likipoa, linarudi nyuma. Nanga hazisukumwi.

"Nifanyie hesabu upya, dada," aliniambia. "Tuone nanga ile inabaki na mzigo gani."

Nilifuta namba kubwa ya jua, nikaandika ndogo. Safu ya maji ilikuwa na sifuri tayari. Sikuigusa. Ndivyo nilivyokwenda kwake na furaha yangu, naye akaangalia, akacheka, akatia sahihi. Nanga ndogo ikamwagwa katikati ya lile shimo kubwa, na nafasi iliyobaki nyuma yake ikajazwa udongo uleule uliochimbuliwa, ukashindiliwa kwa miguu.

Siku ya kukata bomba na kuweka kiungo, karibu na nanga ya upande wa mji, nilikuwepo. Fundi wa kuchomea alikuwa mzee Mmeru, mkavu, mwenye alama za cheche mikononi hadi kwenye viwiko. Alikata bomba, akaliingiza kwenye ala, akachora mstari wa rangi nyekundu mahali bomba lilipoingilia. Kisha akasimama akitazama, kofia yake ya chuma imeinuliwa kwenye paji la uso.

"Msichana wa ofisi," aliniita. "Mwanzo hii paipu ilikuwa kitu kimoja. Sasa ni mbili."

"Ndiyo, mzee."

"Watu wawili wakivutana kamba, wewe ukate katikati, hawa wanaanguka kila mtu upande yake. Sasa hapa nani anashika?"

"Nanga."

Aliigeukia ile nanga ndogo, ikiwa bado na mbao za fremu. "Na imeambiwa?"

Wenzake walicheka. Nilicheka pia, nikamwambia hesabu imefanywa. Hakuuliza tena. Aliinamisha kofia yake na kuendelea na kazi.

Maji yalipoanza kupita, watu wakaja karibu na bomba, kama ilivyo desturi ya watu na maji. Mama mmoja Mborana alijenga kibanda cha chai nyuma kabisa ya ile nanga, upande wa mji, hatua nne tu kutoka kwenye zege. Alikuwa ametoka Kulamawe na binti zake wawili baada ya ng'ombe wao kufa kwa kiangazi. Mpira wa kiungo ulikuwa unavuja tone tone, naye aliweka debe chini yake na kuchota humo maji ya chai. Zege lilimpa kivuli asubuhi. Nikipita kukagua nilikuwa napewa kikombe cha chai yenye maziwa mengi, na tunasalimiana kwa lugha yake, kwa yale maneno machache niliyoyajua.

"Nagaa?"

"Nagaa, intala. Kaa." Nagaa ni amani, intala ni binti. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza.

Wiki ya tatu au ya nne, nilikuwa nimeshika kikombe, nikaona kwamba ule mstari mwekundu hauko pale ulipokuwa. Fundi alikuwa ameuchora mdomoni mwa ala. Sasa kati ya mstari na ala kulikuwa na chuma kitupu, upana wa kidole. Nikajiambia ni baridi ya asubuhi, bomba limepoa, limejikunja. Nikarudi saa nane mchana, jua likiwaka hadi mkono haukai juu ya bomba. Mstari ungepaswa kuwa umeingia ndani. Ulikuwa umerudi nusu ya njia tu.

Nikazunguka nyuma ya nanga. Udongo ule uliojazwa ulikuwa umeinuka kidogo kama unga uliosukumwa na mwiko, na kulikuwa na ufa uliofanana na uzi ukielekea mlango wa kibanda.

"Huo umetoka lini, mama?"

"Huo? Tangu juzi. Mchwa."

Sikunywa chai iliyobaki. Nilirudi ofisini, nikaswali alasiri, nikatandika karatasi zangu zote mezani. Sikuhitaji hata robo saa. Niliiangalia ile sifuri kwenye safu ya maji. Mzee wa kuchomea alikuwa ameniambia kila kitu kwa kamba yake. Bomba lililokatwa haliwezi tena kujishika. Kila pauni ya maji iliyokuwa ikishikwa na chuma, sasa inasukuma nanga, na inasukuma kuitoa nje, kuifungua ala. Nikapiga hesabu. Maji yakiwa yanatembea kuelekea tangini, msukumo ulikuwa wa wastani. Lakini valvu ya tangi ikifungwa na maji yakasimama, uzito wote wa kutoka milimani ungelala kwenye ile nanga: zaidi ya tani tatu, ngamia sita wakisukuma kwa pamoja bila kupumzika. Nanga yenyewe haikufika nusu ya uzito huo, na nyuma yake kulikuwa na udongo wa kushindiliwa kwa miguu.

Injinia alinisikiliza hadi mwisho. Aliuchukua ukurasa, akausoma mara mbili, na nikaona sikio lake likibadilika rangi.

"Valvu imekuwa wazi muda wote," alisema.

"Ndiyo. Ndiyo maana bado imesimama."

Sote wawili tulijua kwamba siku ya tatu kutoka hapo wageni wakubwa walikuwa wanakuja kufungua tangi. Valvu ingefungwa alfajiri ili mgeni rasmi aje aizungushe kwa mkono wake, maji yatoke, watu wapige makofi.

"Tuahirishe," nikasema.

"Niwaambie nini? Kwamba mimi na wewe tulisahau maji ndani ya bomba la maji?" Hapo ndipo alipandisha sauti. Kisha akakaa, akaweka viganja mezani. "Fundi afunge kile kiungo na vyuma, upande mpaka upande. Kesho."

Ilikuwa dawa nzuri. Vyuma vinne vinene vya kuunganisha pande mbili za ala, na bomba lingekuwa kitu kimoja tena. Fundi alivikata siku hiyohiyo. Lakini kesho yake jenereta ya kuchomea ilikuwa kwenye gari, ikipelekwa uwanjani kuwasha vipaza sauti, na waliokuwa wakipanga sherehe hawakutaka kusikia habari ya laga. Injinia alikwenda kuiomba akarudi mikono mitupu. Keshokutwa yake hali ilikuwa ileile. Vile vyuma vinne vililala mchangani chini ya kiungo, vimepangwa vizuri, vikisubiri.

Asubuhi ya sherehe nilifika lagani mapema, mbingu ikiwa na ile rangi ya majivu ya kabla ya jua kutoka vizuri. Kulikuwa na baridi, na baridi ndiyo ilikuwa adui, kwa sababu bomba lililopoa hujikunja na kujivuta kutoka kwenye ala. Mstari mwekundu ulikuwa mbali. Vidole vitatu. Debe la mama lilikuwa limejaa na kumwagika, na tone halikuwa tone tena. Lilikuwa utepe mwembamba wa maji unaotetemeka. Nilijua hapo kwamba valvu ya tangi imeshafungwa. Nikaweka mkono juu ya bomba. Maji yanayotembea unayasikia kwa kiganja kama mtu anayeongea chumba cha pili. Siku hiyo bomba lilikuwa kimya kabisa.

Fundi alikuwa amekuja bila kuitwa. Tulikubaliana: yeye apande hadi valvu ya upande wa milimani, mwendo wa kama nusu saa kwa mguu, aifunge, bila ruhusa ya mtu yeyote. Sherehe na iharibike. Aliondoka akikimbia kwa namna ya wazee, magoti yakiwa yameinama.

Mimi nikaingia kibandani. "Mama, toka. Toka na wasichana, nendeni kule kwenye miti."

Alikuwa anapuliza moto. "Kuna nini?"

"Bomba litaachia."

"Nyinyi mlileta maji," alisema, bado anapuliza. "Leo mnasema tukimbie maji?"

"Mama, nakuomba. Kwa jina la Mungu."

Labda ni uso wangu uliomshawishi. Alisimama, akawaita binti zake, tukatoka wote wanne. Mkubwa alikuwa amebeba mkeka, mdogo kuku. Tulikuwa tumeshafika kwenye miti ya migunga. Nilianza kuhesabu moyoni fundi amefika wapi. Jua lilikuwa limeanza kugusa bomba, na nikafikiri, likipata joto litarudi ndani, tutapona. Nilifikiri hivyo kabisa.

"Birika," mama akasema. Akageuka.

Nilimshika shuka likaniponyoka. Halikuwa birika la maana, lilikuwa la bati na jeusi kwa moshi, lakini ndilo alilotoka nalo Kulamawe. Alikuwa ameshainama kulitoa motoni wakati nanga ilipoondoka.

Watu huniuliza kama kulikuwa na mlipuko. Hapakuwa. Kulikuwa na sauti ya kukwaruza, ndefu, kama kabati zito linaloburutwa sakafuni, na bonge lile la zege likatembea. Lilitembea polepole, kama shibiri moja, kisha ala ikaachia na maji yakatoka yote kwa mara moja, meupe, yamenyooka kama mbao, yakalisukuma bonge hadi kibandani, na kibanda hakikuwepo tena. Mawe yalikuwa yanaruka hadi kwenye miti. Binti mkubwa alipiga kelele jina la mama yake. Mdogo alikuwa amemfumbata kuku kifuani, akikodoa macho mbele yake kana kwamba anamwona mtu ambaye mimi sikumwona.

Maji yalikatika kabla hatujafika. Fundi alikuwa amefika kwenye valvu. Kama angepewa dakika kumi zaidi.

Tulimkuta mama amelala ubavu, mguu wa kulia umebanwa kati ya zege na mti wa nguzo ya kibanda chake. Alikuwa na fahamu. Aliniangalia, akasema kwa Kiborana neno ambalo sikulijua, na sikuthubutu kumuuliza mtu maana yake. Wanaume waliotoka barabarani waliisogeza nanga kwa mitaimbo. Lori la baba ndilo lililompeleka hospitali, na baba mwenyewe akiendesha, mimi nyuma nikishikilia kichwa cha yule mama kwenye mapaja yangu. Waliukata mguu chini ya goti.

Kamati ilikuja kutoka mkoani. Nilisimama mbele yao nikasema sifuri ile ni yangu, niliandika kwa mkono wangu, na nikaonyesha ukurasa. Mmoja wao aliniuliza kama nimeolewa. Mwingine aliandika maneno mengi, lakini ripoti ilipokuja ilisema kazi ya kuunganisha haikufanywa ipasavyo. Maana yake fundi. Aliyeona kabla ya sisi sote, na aliyekimbia mlimani bila ruhusa, ndiye aliyefukuzwa. Niliandika barua mbili kupinga. Injinia alitia sahihi barua ya pili pamoja nami, na mwezi uliofuata akahamishwa. Fundi alirudi kwao Meru. Nilimfuata huko safari moja kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa uji, akaongea juu ya mahindi. Nilipogusa habari ya laga alisema, "Wacha hiyo," nikaiacha.

Kwa mama nilikwenda hospitali kila Ijumaa. Alidhani nakwenda kwa huruma, na ndugu waliokuja kumwona walinibariki. Ijumaa ya tano au ya sita sikuweza tena. Nilimweleza polepole, kwa Kiswahili chepesi: bomba, kamba, ile safu, ile sifuri.

Kisha akauliza, "Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Na ulikuwa unakunywa chai yangu."

"Ndiyo, mama."

Aligeuza uso ukutani. Nilikaa mpaka muuguzi akaja kuniambia saa zimeisha. Kwa karibu miaka miwili baada ya hapo, tukikutana sokoni, alipita na gongo lake kana kwamba mahali niliposimama hapana mtu. Sikumlaumu. Nilibadilisha njia ili nisimlazimishe kufanya hivyo.

Niliendelea na kazi. Nanga ilijengwa upya, kubwa, na kiungo kikafungwa kwa vyuma. Katika kila hesabu niliyofanya tangu siku hiyo nimeanza na safu ya maji, na nimefikiria kwanza bomba limefungwa na maji yamesimama. Vijana waliokuja ofisini baadaye waliniona mtu wa hofu. Walikuwa sahihi.

Kisha asubuhi moja, miaka ile ya themanini ikiwa imekwenda mbali, mama yule aliingia ofisini. Hakusalimu. Aliegemeza gongo kwenye meza yangu, akasema binti yake mkubwa ameolewa, na mkwewe amepata kiwanja cha kujenga nyumba, na bomba la mradi linapita mpakani mwa kiwanja hicho.

"Nimekuja unionyeshe," alisema. "Waweke ukuta wapi."

Nilichukua ramani na futi ya kupimia, tukaenda. Niliomba wachimbe mashimo mawili ili nione kona ya bomba na nanga yake kwa macho yangu. Ilichukua siku nzima, na mkwe alianza kuchoka. Mama alikaa juu ya jiwe akinitazama. Mwisho nilipima hatua ishirini kutoka kwenye bomba nikachomeka kijiti.

"Si kule?" mkwe aliuliza akionyesha mahali pazuri zaidi, palipo na kivuli.

"Kule hapana," nikasema.

Mama aliinuka, akaenda hadi kwenye kijiti, akakikandamiza kwa gongo lake kizame zaidi ardhini. "Hapa," akamwambia mkwewe. Kisha wakaondoka kuelekea barabarani, naye akitangulia.